Vidonge Vitatu vya Muheza na Hesabu ya Profesa Behe

*Mwanabiokemia wa Marekani aliifanya malaria kuwa shahidi wake mkuu dhidi ya nadharia ya Darwin. Shahidi huyo ni mwenyeji wa Tanga, na huku kwao ana mengi ya kuongeza.*

Kwenye kliniki ya wajawazito mjini Muheza, shughuli ya kugawa dawa ya SP haimalizi hata dakika mbili. Muuguzi anaangalia kadi, anauliza mimba ina miezi mingapi, anahesabu vidonge vitatu na kumpa mama pamoja na kikombe cha maji. Mama hatoki navyo. Anavimeza palepale muuguzi akimtazama, kadi inatiwa alama, na anayefuata kwenye benchi anainuka.

Mama huyu haumwi. Anakunywa dawa ili vimelea vya malaria visijifiche kwenye kondo la nyuma na kumpunja mtoto chakula chake tumboni. Ataambiwa arudi baada ya mwezi anywe tena vitatu, na tena, mpaka akaribie kujifungua.

Ndani ya kila kidonge cha SP mna dawa mbili, sulfadoksini na pirimethamini. Hiyo ya pili ina historia ndefu wilayani humu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, daktari David Clyde aliigawa kwa wakazi wa Mkuzi, kijiji kisicho mbali na mji wa Muheza, apate kujua kama kijiji kizima kinaweza kukingwa kwa kumeza dawa kila mwezi. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Haikupita miezi mingi, vimelea vikaanza kuonekana tena katika damu ya watu waliokuwa wanaimeza dawa hiyo. Usugu ulikuwa umezaliwa, na baadaye ukakutwa hata katika vijiji vya jirani. Ndivyo Mkuzi ilivyoingia katika maandishi ya tiba, miongoni mwa mahali pa kwanza barani Afrika ambapo malaria ilionekana kuishinda dawa mbele ya macho ya watafiti.

Nusu karne baadaye, mwanabiokemia mmoja wa Marekani aliandika kitabu akidai kwamba usugu huohuo wa malaria ndio kipimo bora tulicho nacho cha uwezo wa mageuko. Alisema kipimo hicho kinaonyesha kikomo, na kwamba vilivyo ng'ambo ya kikomo hicho vimesanifiwa na mwenye akili.

Mtu mwenyewe

Michael Behe alizaliwa mwaka 1952 katika jimbo la Pennsylvania. Shahada yake ya uzamivu aliipata Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1978, na utafiti wake ulihusu selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za pwani yetu zinaujua kwa uchungu. Mwaka 1985 alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Lehigh, jimboni humohumo.

Ni Mkatoliki, lakini si mtu wa kusema dunia iliumbwa miaka elfu sita iliyopita. Anakubali kwamba dunia ina umri wa mabilioni ya miaka. Anakubali kwamba binadamu na sokwe wana babu mmoja. Anakubali pia kwamba uteuzi asilia upo na unafanya kazi. Wahubiri wengi duniani humtaja silikanti, samaki ambaye wavuvi wa Kigombe walianza kumnasa kwenye majarife mwaka 2004 na ambaye sasa ana hifadhi yake ya bahari hapa Tanga, kuwa ushahidi kwamba viumbe havibadiliki. Behe hajengi nyumba yake juu ya msingi huo.

Anachokataa ni kimoja, nacho ni kizito: kwamba mabadiliko yanayotokea kwa bahati katika vinasaba, yakichujwa na uteuzi asilia, yanatosha kuunda mitambo midogo iliyomo ndani ya seli.

Kitabu chake cha kwanza, *Darwin's Black Box*, kilitoka mwaka 1996 na kikamfanya mashuhuri. Mfano uliokitangaza ni mtego wa panya. Mtego una ubao, springi, chuma kinachopiga, kitasa na kishikizo. Ondoa kimoja tu, na hutapata mtego unaonasa nusu ya panya, hupati kitu. Behe alisema mkia unaozunguka wa bakteria, na mlolongo wa protini unaogandisha damu mtu anapojikata, ni mitego ya aina hiyo. Havikuweza kujengwa kidogokidogo, alisema, kwa kuwa nusu yake haina faida kwa yeyote.

Wanasayansi wenzake walimjibu kwamba kifaa kinaweza kuanza na kazi nyingine. Sehemu ya protini za mkia wa bakteria, kwa mfano, hukutwa katika bakteria wengine zikifanya kazi ya sindano ya kupenyeza sumu. Springi haikuwa lazima ingoje mtego. Ilikuwa na kazi yake kabla.

Ubishi huo ulifika mahakamani. Desemba 2004, wazazi wa mji wa Dover, Pennsylvania, waliishitaki bodi ya shule iliyotaka wanafunzi waelekezwe kwenye nadharia ya usanifu wenye akili. Behe alikuwa shahidi mkuu wa bodi. Wakili wa wazazi alimrundikia mbele yake makala na vitabu vinavyoeleza jinsi mfumo wa kinga ya mwili ulivyogeuka hatua kwa hatua. Behe akasema havitoshi. Akaulizwa pia kama fasili yake ya sayansi ingeweza kuingiza unajimu, naye akakiri kwamba ingeweza. Tarehe 20 Desemba 2005, Jaji John E. Jones III alitoa hukumu ya kurasa 139: usanifu wenye akili si sayansi, na kuufundisha katika shule za serikali kunavunja katiba ya Marekani. Idara ya Behe kule Lehigh nayo ilitangaza kwamba maoni hayo ni yake binafsi.

Wengi walidhani habari imeishia hapo. Miaka miwili baadaye akarudi na hoja mpya, na safari hii aliyemtanguliza mbele alikuwa mdudu wetu.

Sifuri ishirini

Mtu wa pwani aliyevuka miaka 35 anaikumbuka klorokwini. Vidonge vinne leo, vinne kesho, viwili keshokutwa. Uchungu wake ulikaa kooni hata baada ya kulamba sukari, na kwa wengi ulifuata muwasho uliotambaa chini ya ngozi bila upele wowote, mtu akajikuna usiku kucha. Pamoja na adha hiyo ilikuwa dawa ya bei nafuu, ilipatikana mpaka dukani, na kwa miongo kadhaa iliponya.

Ilivyoponya ni hivi. Kimelea kikiingia katika chembe nyekundu ya damu hula himoglobini. Mlo huo huacha mabaki yenye chuma ambayo ni sumu kwa kimelea chenyewe, nacho huyagandisha yawe fuwele zisizo na madhara. Klorokwini huzuia mgando huo, na kimelea kikafa kwa sumu ya jikoni kwake. Kimelea sugu ni kile ambacho protini moja kwenye ukuta wa tumbo lake, yenye asidi amino 424, imebadilika mahali pachache ikawa inaisukuma dawa nje kabla haijafanya kazi. Badiliko lililo kubwa kuliko yote liko kwenye nafasi ya 76.

Hapo ndipo Behe alipoingia na kitabu chake cha mwaka 2007, *The Edge of Evolution*. Badiliko moja, alisema, ni jambo jepesi kwa malaria. Mgonjwa mmoja mahututi anaweza kubeba vimelea trilioni moja, na katika umati huo karibu kila badiliko moja dogo limekwisha kutokea mahali fulani. Ila usugu wa klorokwini unataka zaidi ya badiliko moja kwa pamoja. Aliichukua tarakimu kutoka kwa Nicholas White, daktari bingwa wa malaria aliyefanya kazi kwa miaka mingi nchini Thailand. White alikuwa amekadiria kwamba usugu huo hujitokeza mara moja katika vimelea vingi kiasi cha 1 ikifuatiwa na sifuri 20.

> Kama malaria, kwa wingi wake wote, imelipata jambo hili mara chache tu, mnyama mwenye uzao mdogo atalipata lini?

Behe aliendelea kuzidisha. Kiumbe kikihitaji mambo mawili ya ugumu wa namna hiyo kwa mpigo, sifuri zinakuwa 40, idadi ambayo kwa hesabu yake inapita seli zote zilizowahi kuishi duniani. Na kwa kuwa mitambo ya seli imejaa protini zinazoshikana mbili, tatu, kumi, basi sehemu kubwa ya mitambo hiyo haikuja kwa bahati. Msanifu ni nani? Sayansi, anasema Behe, haiwezi kumtaja. Yeye binafsi anaamini ni Mungu.

Ni hoja inayovutia, na haifai kuipuuza kwa kusema tu kwamba mwenye kuitoa ni mtu wa dini. Imesimama juu ya tarakimu, nayo tarakimu hupimwa.

Mkwezi haruki

Kitabu hicho kilipotoka, wakosoaji hawakukawia. Katika mwaka huohuo wa 2007, Sean Carroll aliandika katika jarida la Science, Kenneth Miller katika Nature, na Jerry Coyne katika The New Republic. Wote watatu walikishambulia.

Jibu lao la kwanza lilihusu tarakimu yenyewe. White hakuwa anapima ni mara ngapi mabadiliko hutokea ndani ya kimelea. Alikuwa anakadiria ni mara ngapi usugu umeonekana kusimama na kuenea duniani, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kimelea sugu kikizaliwa leo katika damu ya mtoto, bado kina safari: kisiuawe na kinga ya mwili, kisizidiwe na wenzake, kifyonzwe na mbu, mbu huyo aishi siku za kutosha, kisha amuume mtu mwingine. Vingi hufa njiani bila mtu yeyote kujua kwamba vilikuwapo.

Jibu la pili ndilo la msingi, nalo linahusu neno "kwa pamoja". Kuzidisha kwa Behe kunasimama pale tu ambapo hatua ya kwanza, ikiwa peke yake, haina faida au inaua. Kama hatua ya kwanza inavumilika, au ina faida yake ndogo, basi ya pili haina haja ya kutokea siku ileile. Inaweza kuja mwaka ujao, katika ukoo uliokwisha kuwa na ya kwanza.

Mkwezi wa Pangani haruki kutoka ardhini mpaka kwenye madafu. Gogo la mnazi limechanjwa vipandio, naye anaweka mguu mmoja, anasimama, anainua wa pili. Anayeutazama mnazi mrefu kwa mbali, bila kuviona vipandio, ana haki ya kusema hakuna mtu awezaye kufika kule. Akisogea karibu ataviona.

Muheza ni mahali ambapo vipandio vya malaria vimehesabiwa kimoja kimoja. Pirimethamini huzuia kimeng'enya kimoja cha kimelea. Badiliko kwenye nafasi ya 108 ya kimeng'enya hicho linampa kimelea nafuu ya kwanza. Likiongezeka la nafasi ya 51, au la 59, anahimili dozi kubwa zaidi. Yakitimia matatu, pirimethamini imepoteza makali. Kwa mwenzake sulfadoksini, nafasi ni za kimeng'enya kingine: 437, kisha 540. Kila hatua ina faida yake, na kila hatua ilionekana kwa macho ikizidi kuenea kadiri SP ilivyozidi kutumika.

Tanzania Bara iliiacha klorokwini mwaka 2001, baada ya vituo vya ufuatiliaji kuonyesha kwamba ilikuwa inashindwa kwa takriban nusu ya wagonjwa waliopimwa. SP ikashika nafasi. Haikudumu. Katikati ya muongo huo, watafiti walioijaribu kwa watoto wa Muheza waliikuta ikishindwa kwa wingi wa kutisha, na ndani ya vimelea wakakuta kipandio kingine: nafasi ya 581 ya kimeng'enya kinacholengwa na sulfadoksini. Mwishoni mwa mwaka 2006 nchi ikahamia kwenye dawa mseto.

Kipandio hicho cha 581 ndicho kinachomhusu yule mama wa kliniki, kwa sababu SP iliendelea kubaki kwa ajili ya wajawazito. Utafiti uliofanywa Muheza ulionyesha kwamba mahali palipojaa vimelea vya aina hiyo, vile vidonge vitatu vinaweza kushindwa kumlinda mama. Korogwe, mwendo mfupi kwa basi, watafiti walihusisha vimelea vyenye 581 na watoto kuzaliwa na uzito pungufu. Herufi moja ya kinasaba imebadilika, na athari yake inasomwa kwenye mzani wa wodi ya wazazi.

Kilichotoka Asia

Haki itendeke kwa Behe. Si kila kitu Tanga inachokionyesha kinampinga.

Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa miaka ya 2000 ulibaini kwamba vimelea vingi vya Afrika vyenye mabadiliko yote matatu dhidi ya pirimethamini havikuikwea ngazi hiyo hapa. Ukoo wao ulitoka Asia ya Kusini-Mashariki, ukaingia barani na kuenea. Usugu wa klorokwini ulikuja vivyo hivyo: ulijulikana kwanza mpakani mwa Thailand na Kambodia mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati huohuo ukijitokeza pia Amerika ya Kusini, na ulionekana Afrika Mashariki mwaka 1978. Bara letu lilikuwa na wagonjwa wengi kuliko mahali popote duniani, likameza klorokwini kwa tani, na bado halikuuzaa usugu huo lenyewe. Kwamba mikusanyiko mikubwa ya mabadiliko ni nadra, Behe amesema kweli.

Mwaka 2014 alipata jambo jingine la kumfurahisha. Maabara ya Rowena Martin huko Australia ilithibitisha kwamba protini ile ya klorokwini inahitaji angalau mabadiliko mawili ndipo ianze kuisukuma dawa, hata kwa kiasi kidogo. Behe alitangaza kwamba amethibitishwa. Ila utafiti uleule ulionyesha kwamba zipo njia zaidi ya moja za kufika, na kwamba baada ya hayo mawili kila nyongeza iliweza kuja kwa zamu yake, ikiongeza nguvu kidogo kidogo.

Na mwaka huohuo likatoka jibu lililotuhusu moja kwa moja. Watafiti waliolinganisha vimelea vya Uganda, Tanzania na Ethiopia waligundua kwamba kipandio cha 581 hakikuagizwa kutoka Asia. Kilizuka Afrika Mashariki, tena zaidi ya mara moja, kila mara juu ya ukoo wa hapahapa uliokwisha kukwea hatua zilizotangulia.

> Nadra na isiyowezekana ni vitu viwili. Malaria inaishi katika pengo lililo kati yake.

Kosa la Behe, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, si kuhesabu. Ni kuamini kwamba asipoviona vipandio, havipo. Kwa klorokwini aliweza kuonyesha pengo la hatua moja ngumu. Kutoka hapo akaruka mpaka kwenye mitambo yote ya seli, ambayo historia yake ni ya mabilioni ya miaka na ambayo hakuna aliyeipima nafasi kwa nafasi kama ilivyopimwa malaria ya Muheza.

Damu ya pwani

Kuna jambo jingine ambalo pande zote mbili hulidai.

Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti kuhusu damu ya watu wa Afrika Mashariki. Aliona kwamba tabia ya selimundu imejaa mahali penye malaria nyingi, pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na kupungua kwenye nyanda za juu na pakavu. Mtu aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili huugua. Asidi amino moja kwenye nafasi ya sita ya himoglobini imebadilika, na kwa ajili yake kuna watoto wanaokatiza shule kila mwezi kwa maumivu ya mifupa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watoto 11,000 hivi huzaliwa na ugonjwa huu nchini Tanzania kila mwaka.

Behe aliyeanza maisha ya utafiti na selimundu anaiona kama vita vya mahandaki: mwili unavunja kitu chake wenyewe ili kumzuia adui asipite. Anasema ndivyo mageuko yafanyavyo, hubomoa zaidi kuliko yanavyojenga, na mwaka 2019 aliandika kitabu kizima, *Darwin Devolves*, juu ya wazo hilo.

Angeweza kuongeza kilichotokea Tanzania baada ya klorokwini kuondolewa. Miaka kumi baada ya mwaka 2001, vimelea vinavyosikia klorokwini vilikuwa vimerudi kuwa vingi, Tanga ikiwemo. Malawi, iliyoacha dawa hiyo mapema zaidi, mwaka 1993, iliona vivyo hivyo. Protini iliyobadilika ili kuitoa dawa ilikuwa na gharama; dawa ilipoondoka, vimelea vyenye protini ya zamani viliwashinda wenzao. Behe atasema: mnaona, kitu kilikuwa kimevunjika. Mwanamageuko atasema: mnaona, uteuzi asilia umefanya kazi hadharani, umekwenda mbele na umerudi nyuma, na mmeupima.

Wote wawili wana la kusema hapo. Ila ni mmoja tu kati yao ambaye nadharia yake ilitumika kupanga dawa.

Darasani na hospitalini

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Tanzania amekutana na mageuko mara mbili: katika historia ya kidato cha kwanza, pamoja na fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, na katika biolojia ya kidato cha nne. Mara nyingi uumbaji na mageuko huwekwa ubavu kwa ubavu kama majibu mawili ya kukariri, na mtoto anayetoka madrasa au kipaimara hujibu mtihani kwa moja na kuamini jingine. Nchini Kenya, mwaka 2006, Askofu Boniface Adoyo aliongoza kampeni ya kutaka mabaki ya binadamu wa kale ajulikanaye kama Mvulana wa Turkana yasipewe nafasi ya heshima katika maonyesho ya makumbusho ya Nairobi, na Richard Leakey, mtoto wa Mary, akasimama kuyatetea.

Inasikitisha kwamba katika mijadala hiyo malaria haitajwi. Mtoto wa Muheza ana mfano wa mageuko ndani ya damu yake, katika kadi ya kliniki ya mama yake, na katika jina la dawa iliyobadilishwa mara mbili ndani ya miaka sita. Behe mwenyewe, pamoja na msanifu wake, hapingi hata kimoja katika hayo.

Imani haijawahi kuwa kikwazo huku. Hospitali Teule ya Muheza, ambako sehemu kubwa ya utafiti wa SP na wajawazito ilifanyika, ni ya Kanisa la Anglikana. Wagonjwa wake, Waislamu na Wakristo, walitoa damu ihesabiwe vimelea.

Hesabu ileile, kazi nyingine

Tarakimu ya sifuri ishirini haikutungwa kwa ajili ya ubishi wa dini. White alikuwa anatetea matumizi ya dawa mbili kwa pamoja. Kama usugu wa dawa moja ni nadra kiasi hiki na wa nyingine ni nadra kiasi kile, kimelea chenye vyote viwili kwa mpigo ni nadra kwa kuzidisha. Ndiyo maana ya mseto: vidonge vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu, jumla 24 kwa mtu mzima, na ushauri wa kula kitu chenye mafuta. Artemeta hufyeka vimelea kwa kasi kisha huisha mwilini; lumefantrini hubaki nyuma kumalizia.

Kwa hiyo hesabu ya Behe na hesabu ya mseto wetu ni ndugu wa tumbo moja, na zina udhaifu mmoja. Zote zinakatika pale kimelea anapopata kipandio.

Kipandio hicho kimeonekana. Mwaka 2020 Aline Uwimana na wenzake walitangaza kwamba nchini Rwanda kuna vimelea vyenye badiliko la nafasi ya 561 katika protini iitwayo kelch 13, badiliko linalowafanya wachelewe kufa mbele ya dawa za jamii ya artemisinini, artemeta ikiwemo. Hawakutoka Asia, walizuka hapahapa. Baadaye watafiti wakiongozwa na Deus Ishengoma wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, walithibitisha jambo hilo mkoani Kagera. Mseto bado unaponya huko, kwa sababu lumefantrini inafanya kazi. Ila dawa moja ikilegea, nyingine inabaki na mzigo wa mbili, na kila mgonjwa anayekatisha dozi siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka anampa kimelea nafasi ya kujaribu hatua inayofuata.

Kutoka Kagera hadi Tanga ni nchi nzima kwa upana. Lakini ule usugu wa hatua tatu dhidi ya pirimethamini ulivuka bahari kuja huku.

Ndiyo sababu kipimo cha malaria wakati mwingine hakiishii kwenye majibu ya mgonjwa. Baada ya kidole kutobolewa, tone la ziada hudondoshwa kwenye karatasi nene ya kuchujia, duara la wekundu usiozidi ukubwa wa shilingi. Karatasi huachwa ikauke mpaka damu iwe kahawia, hutiwa namba badala ya jina, huwekwa ndani ya mfuko mdogo wa plastiki pamoja na punje za kufyonza unyevu, kisha hupelekwa maabara. Huko watasoma nafasi ya 581. Watasoma nafasi ya 76, kuona kama ya zamani bado imeshika. Na watasoma nafasi ya 561.